Picha ya Nyanya na Nuru ya Kichakani

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Mimi ni mjukuu, na majuto yangu ndiyo haya ninayowaletea, walimu wangu wapendwa na wanafunzi wenzangu, katika jarida letu la Chama cha Kiswahili. Nilipoombwa niandike juu ya mambo niliyojifunza likizoni, nilidhani ningeandika habari za kamera tu, na jinsi ya kupiga picha za watu nje, chini ya miti, bila flashi wala taa. Lakini nilipoishika kalamu nikaona siwezi kueleza habari za nuru bila kumtaja nyanya yangu, wala siwezi kumtaja nyanya bila kukiri kosa nililomfanyia.

Kwetu ni Nyalenda, hapa Kisumu, upande wa Ring Road unaoelekea ziwani. Nyanya, ambaye tunamwita Dani kama Wajaluo wengi wanavyoita, ndiye aliyemzaa mama yangu. Ameuza omena tangu mama akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na alfajiri mashua zao zikitia nanga Dunga, Dani huwa tayari amefika na karai lake. Ngozi yake ni nyeusi, weusi wenyewe, unaong'aa hasa akishajipaka mafuta asubuhi. Mwenyewe hujivunia rangi hiyo. Husema babu alimchagua kwa sababu alimwona kwa mbali jua likimpiga, akadhani ni chungu kipya kinachotembea.

Babu alipofariki, kila mtu alianza kutafuta picha yake. Kwetu si jambo dogo. Jeneza likiwekwa uani, picha ya marehemu huwekwa juu yake, na waombolezaji wakija huitazama kwanza kabla ya kusema lolote. Babu hakuwa na picha ila ile ya kitambulisho. Ikachukuliwa, ikakuzwa hadi ikawa kubwa kama daftari. Lo! Mahali pa macho palikuwa na mashimo mawili meusi, na mdomo haukuonekana. Nilimwona Dani akiitazama picha ile kwa muda mrefu. Baadaye, matanga yalipokwisha, alimwambia mama, "Mtu wangu nimemzika bila uso. Mimi msinifanyie hivyo."

Hakungoja kufanyiwa. Wiki chache baadaye alivaa blauzi yake nyeupe ya kanisani, akaenda mjini kwa mpiga picha mmoja. Alipigwa picha nje, mbele ya ukuta mweupe, adhuhuri, jua la utosi. Akarudi nayo imefungwa katika karatasi ya kaki. Tulipoifungua, blauzi ilikuwa inawaka kama taa, ukuta unawaka, kitambaa cha kichwani kinaonekana hadi maua yake, lakini uso haukuwapo. Palikuwa na kitu cheusi tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Dani alikuwa jikoni, na mimi nikadhani hasikii. Nikawaambia ndugu zangu, "Hata mkaa una macho kuliko hii!" Tukacheka hadi tukashika mbavu. Dani alipotoka jikoni aliichukua ile picha bila neno, akaitia ndani ya Biblia yake, na hatukuiona tena.

Binamu yangu mmoja alijaribu kuyatengeneza mambo. Akampiga picha kwa simu, kisha akabonyeza ile programu ya kurembesha. Uso ukawa mweupe kama wa mtu aliyejipaka unga, mikunjo yote ikatoweka. Dani akaishika simu kwa mikono miwili.

"Huyu ni nani?"

"Si ni wewe, Dani!"

"Mimi niliyezaliwa na nani?" Akamrudishia simu yake.

Basi tangu siku hiyo, ukimtolea kamera Dani, anageuza uso. Na kila alipougeuza, mimi ndiye niliyechomwa moyoni.

Likizo ya Aprili iliyopita nilikwenda kumsaidia mjomba wangu, kitinda mimba wa Dani, ambaye kazi yake ni kupiga picha harusini, mazishini na siku za mahafali. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba na kushika hiki na kile. Aprili pia ni mwezi ambao Dani hana shughuli nyingi, kwa maana uvuvi wa omena hufungwa tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Julai ili samaki hao wazaane. Nikajisemea moyoni, sasa ndio wakati. Nikamwambia mjomba, "Anko, nataka kumpiga Dani picha. Picha ya ukweli."

Mjomba akanitazama. "Unajua kwa nini zile zingine ziliharibika?"

"Kwa sababu Dani ni mweusi sana."

"Hapana. Dani hana makosa. Mwenye makosa ni aliyeshika kamera."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Zamani za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kusafisha picha kadi maalumu ya kupimia rangi. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1950, aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine imewekwa sawa. Wengine sote tulipimwa kwa ngozi ya mtu mmoja! Ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipotokea kadi za Kodak zenye wanawake wa rangi mbalimbali. "Siku hizi kamera ni nzuri," mjomba akasema, "lakini bado inahitaji mtu wa kuiambia itazame wapi."

Akanieleza pia habari za Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alikuwa akiwapiga watu picha uani kwa nuru ya mchana, na pazia lake la kwanza nyuma ya wateja lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Leo picha zake zinatundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Niliposikia hivyo nikapiga moyo konde. Kama shuka ya kitanda ilitosha Bamako, miti ya Nyalenda itashindwaje?

Ukitoka kwetu ukielekea Dunga, kabla hujafika kwenye mafunjo ya ziwani, kuna kichaka cha miti katika shamba la mzee mmoja jirani. Kuna siala, kuna mikuyu, na mikaratusi michache. Mzee alituruhusu, akasema tu tusivunje matawi.

Siku ya kwanza sikumpeleka Dani. Nilimpeleka ndugu yangu mdogo nifanye majaribio, na kwa ujinga wangu nilikwenda saa sita na nusu mchana. Nilifikiri kivuli ni kivuli. Wapi! Nilipotazama picha, uso wa mtoto ulikuwa na madoadoa kama chui. Doa moja jeupe kwenye pua, moja kwenye shavu, na jicho moja limezama gizani.

Mjomba akacheka. "Hebu tazama chini. Madoa hayo yana umbo gani?"

Nikatazama. Yalikuwa mviringo, yote, ingawa mianya ya majani ilikuwa ya kila umbo.

Wenzangu, hapa ndipo somo la Fizikia liliponirudia. Mnaikumbuka ile kamera ya tundu la sindano tuliyoitengeneza kwa boksi? Kila mwanya mdogo kati ya majani ni tundu kama lile, na kila doa la mviringo ardhini ni taswira ya jua lenyewe. Ndiyo maana jua likipatwa, madoa hayo hugeuka kuwa mfano wa mwezi mwandamo. Ni ajabu ya kutazama, lakini usoni mwa mtu ni balaa.

Na Jiografia nayo ikaja mbio. Sisi wa Kisumu tuko karibu kabisa na Ikweta, ambayo inapita Maseno hapo juu. Kwa hiyo jua letu halizungukizungukii kando kama la Uingereza. Linachomoza, linapanda wima, linasimama utosini. Tena halisimami utosini saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na Kisumu iko kwenye nyuzi 34.75 hivi. Tofauti ni nyuzi 10.25, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Piga hesabu: jua linatufikia utosini dakika 41 hivi baada ya saa sita ya saa ya ukutani, ukiachilia mbali dakika chache zinazobadilika mwaka mzima. Nilipokwenda saa sita na nusu nikidhani jua limeanza kushuka, kumbe lilikuwa bado linapanda!

"Mtu akipigwa na jua la juu," mjomba akaeleza, "paji la uso linakuwa mwavuli wa macho. Ndiyo maana babu alikuwa na mashimo. Na Dani hujifunga kitambaa, basi ni mwavuli juu ya mwavuli. Njoo saa moja asubuhi, ama jioni saa kumi na moja na nusu. Lakini uwe haraka. Kwetu jua halisubiri mtu. Kwa saa moja linapanda nyuzi kama 15, na ile nuru tamu inakwisha upesi."

Siku ya pili nilikwenda jioni, nikaingia kichakani ndani kabisa, mahali majani yamefumana pasiwe na doa hata moja. Madoa kweli hayakuwapo. Lakini sasa uso wa ndugu yangu ulikuwa na rangi ya kijani, kama mtu anayetaka kutapika. Mjomba akanifafanulia kuwa nuru inayopita katika majani, na ile inayogonga majani na kurudi, huja imebeba rangi ya majani. Mtu akizungukwa na kijani pande zote, naye huwa kijani.

"Sasa nifanyeje? Nje kuna jua kali, ndani kuna kijani."

"Usikae nje, usikae ndani. Kaa mlangoni."

Maneno hayo ndiyo somo kubwa nililolipata likizo nzima. Mlango wa kichaka ni pale kivuli kinapokomea. Mtu anakaa hatua moja au mbili ndani ya kivuli, ameelekea nje kwenye uwazi. Jua lenyewe halimgusi, lakini mbingu yote iliyo mbele yake inamwangazia, na mbingu ni taa kubwa kuliko taa zote za studio. Nyuma yake kichaka kinabaki giza, basi uso unajitokeza wenyewe bila kelele. Mawingu yakitanda, kama kawaida yetu jioni za mvua, ni heri zaidi, kwa kuwa wingu huisambaza nuru ikawa laini.

Kulikuwa na tatizo moja tu lililobaki. Ardhi ya Nyalenda ni udongo mweusi, ule unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha. Mahali penye mchanga mweupe au murram, ardhi hurudisha nuru juu na kuijaza chini ya kidevu na ndani ya macho. Udongo wetu unaimeza yote. Mjomba akaniagiza nilete gunia jeupe tupu. Ndugu yangu akiushika mdomo wake kwa mikono miwili na kulilaza usawa wa kiuno, mbele ya anayepigwa picha, mashimo ya macho yalijaa nuru mara moja. Gunia la mahindi, msomaji! Wala hatukununua chochote.

Kazi ya kumshawishi Dani ilikuwa ngumu kuliko ya kupambana na jua. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Jumatano mama alimwambia, "Mama, nenda tu ukapunge upepo na mjukuu wako." Akakubali kwenda kupunga upepo. Akavaa blauzi ya samawati badala ya ile nyeupe, kwa kuwa nilimwomba. Nguo nyeupe karibu na uso mweusi huidanganya kamera. Akatia leso begani, akajipaka mafuta usoni. Shangazi alitaka kumpaka poda asing'ae, lakini mjomba akamzuia. "Wacha mafuta. Ngozi nyeusi inaongea kwa mng'ao wake."

Tulifika kichakani yapata saa kumi na moja na nusu. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa milima ya Nandi. Nikamweka Dani kwenye kigoda chini ya siala, mlangoni mwa kivuli, nikamgeuza kidogo ili mbingu imwangazie kutoka ubavuni. Ndugu yangu akashika gunia. Mjomba akanipa kamera, akaenda zake kuongea na yule mzee. Nadhani alifanya hivyo makusudi.

Nikapiga ya kwanza. Dani alikuwa amekaza uso kama mtu aliye mbele ya hakimu. Nikapiga ya pili, ya tatu. Nuru ilikuwa nzuri ajabu, gunia lilikuwa mahali pake, lakini yule niliyemwona kwenye kamera hakuwa Dani wangu. Alikuwa mtu anayengoja kuchekwa.

Nikaishusha kamera. Koo langu likakauka.

"Dani," nikasema, "ile picha ya blauzi nyeupe. Mimi ndiye niliyecheka."

Akanyamaza. Ndege walikuwa wakirudi mafunjoni, na ndugu yangu akajificha nyuma ya gunia.

"Nyakwara," akasema hatimaye, maana yake mjukuu wangu, "nyumba yetu ni ya mabati. Mabati hayafichi kicheko. Nilikusikia."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Picha ilikuwa mbaya." Kisha akainamisha kichwa kidogo. "Lakini niliumia. Si kwa sababu ya mkaa. Niliumia kwa sababu nilifikiri hata ninyi hamnioni."

Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Dholuo, machozi yakinilengalenga. Akainua uso wake, akanitazama, si kamera, bali mimi. Hakuwa akitabasamu sawasawa, wala hakuwa na hasira. Nikakumbuka alivyonifundisha mjomba: pima nuru usoni, si kwenye kichaka, kwani kamera ikiona giza jingi nyuma itadhani inapaswa kuangaza kila kitu, na uso utafifia. Tena, ukishapima usoni, punguza kidogo, maana kamera hutaka kila ngozi iwe kijivu cha wastani. "Usimfanye mweupe," alikuwa ameniambia. "Hakuja kubadilishwa. Amekuja kuonekana." Nikapunguza kidogo. Nikabonyeza mara moja tu.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Tukakimbia, Dani akiwa amejifunika lile gunia jeupe kichwani, akicheka kama msichana.

Jumamosi mjomba aliisafisha picha mjini kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10. Dani aliipokea akiwa ameketi, akaifuta mikono kwanza kwenye leso. Akaitazama. Macho yalikuwapo, na ndani ya kila jicho palikuwa na kinukta cha mbingu. Mikunjo ilikuwapo, yote. Weusi wake ulikuwapo, ukimeta kwenye shavu na kwenye mfupa wa pua. Hakuna aliyethubutu kupumua.

"Eee," akasema polepole. "Huyu namjua."

Kisha akatoa ile picha ya zamani katika Biblia, akaiweka hii mpya mahali pake. Mama akataka kuinunulia fremu itundikwe ukutani. Dani akakataa, akasema iliyo ukutani itachakazwa na moshi na nzi. "Hii ni ya siku ile. Mtaiweka juu yangu, na watu wakija watanisalimu nikiwatazama." Mama akageuka akaenda jikoni. Mimi sikuweza kusema kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufurahi hivyo kwa sababu ya kuwa tayari.

Dani yu hai, tena ana nguvu. Agosti iliyofuata alirudi Dunga na karai lake, na juzi alinituma ndizi shuleni. Ile picha mbaya alinipa mimi. Nimeiweka ndani ya kamusi yangu ya Kiswahili sanifu, nami huiona kila ninapotafuta neno.

Wenzangu, najua wengi wenu mna wazee nyumbani ambao picha zao ni za vitambulisho tu. Mkienda likizoni, si lazima mwe na kamera ya mjomba. Simu ya mama inatosha. Mtafutieni mzee kivuli cha mti, mkae naye mlangoni mwa kivuli, asubuhi au jioni, na mdogo wenu ashike kitu cheupe. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili simu ijue itazame wapi. Wala usiguse programu ya kurembesha. Na kama kuna neno lolote kati yenu ambalo halijasemwa, lisemeni kwanza, ndipo mpige picha.